Stelingi Hafi: Kuhusu Filamu, Vitabu na Kucheza Vita vya Wakoloni



"Kaka, hivi ni dhambi kucheza vita vya wakoloni?" Swali hili aliniuliza mdogo wetu mmoja wa VIWAWA hapa Miono, anasoma kidato cha tano. Nilidhani anazungumzia gemu za kwenye simu. Kumbe hapana. Amechukua boksi la sabuni, akalipasua, akachora juu yake Saadani, mto Wami, pori na bahari. Vizibo vya soda vya rangi moja ni Wajerumani, vya rangi nyingine ni watu wa Bwana Heri. Ana dadu ya ludo na daftari la kanuni alizoziandika mwenyewe. Mi nilimsifia kwanza, maana si kazi ndogo ile. Halafu nikamwambia swali lake halijibiki kwa ndiyo au hapana, anipe muda.

Kwanza niseme kwamba mchezo wa namna hii hakuubuni yeye. Uingereza, Marekani na kwingineko wapo watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, wanaotumia jioni nzima kupaka rangi vijisanamu vya askari virefu kama kidole, kuvipanga juu ya meza yenye vilima na miti ya bandia, na kupigana kwa dadu. Mwaka 1913 mwandishi H.G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za mchezo huo, "Little Wars", na vizinga vyake vya springi vilirusha vipande vya mti. Aliandika humo kwamba anayecheza vita vidogo ataona jinsi vita vikubwa vilivyo upuuzi. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaanza, hadi huku kwetu vikafika.

Kati ya vita wanavyovipenda sana wachezaji hao ni vya wakoloni katika Afrika. Ukiwauliza walianzaje, wengi watakutajia filamu au kitabu cha utotoni. Mwingine atasema "The Four Feathers", riwaya ya A.E.W. Mason ya mwaka 1902 kuhusu vita vya Sudani, iliyotengenezwa filamu zaidi ya mara moja. Wengi zaidi watasema "Zulu", filamu ya 1964. Mwaka 1979 Mmarekani Larry Brom alichapisha kanuni za kuchezea vita vya namna hiyo, "The Sword and the Flame", na bado zinachezwa. Leo vipo vijisanamu hata vya askari wa Wajerumani, ruga-ruga, na wapagazi wenye mizigo kichwani. Yaani babu yako anauzwa ndani ya pakiti, mteja anampaka rangi mwenyewe.

Sasa usikimbilie kukasirika. Tuanze na sisi wenyewe.

Kwenye kibanda umiza kila mtoto anajua sheria moja: stelingi hafi. Filamu ikianza tu, swali la kwanza ni "stelingi yupi?" Akishajulikana, mioyo inatulia. Atapigwa, atatupwa mtoni, watamwua rafiki yake (rafiki wa stelingi lazima afe, hiyo nayo ni sheria), lakini yeye atafika mwisho. Hao wengine wanaoanguka huku na huku hakuna anayewahesabu. Ni kweli mtafsiri mzuri wa filamu huwatia chumvi, atampachika mmoja jina la Mzee Kitambi na mwingine Shemeji, na ukumbi utacheka. Mi huwa naona hao watafsiri wana huruma kuliko waliotengeneza filamu zenyewe, maana angalau mtu anakufa akiwa na jina.

Niliiona "Zulu" kwenye benchi la namna hiyo. Inahusu mapigano ya Rorke's Drift huko Afrika Kusini, tarehe 22 na 23 Januari 1879, ambapo Waingereza kama 150 walijihami ndani ya kituo cha misheni dhidi ya Wazulu wapatao 3,000 au 4,000. Ukumbi mzima, Wazigua, Wakwere, na vijana wa Kimasai waliokuwa wamepitia na mifugo, ulikuwa upande wa Waingereza. Mzulu akianguka, makofi. Mwingereza akichomwa mkuki, "aaah!" Hakuna mtu pale aliyekuwa mjinga au msaliti. Kamera iliwaweka ndani ya boma tangu mwanzo. Umekaa na wale askari, umemjua mwenye homa na mwenye kinywa kichafu, umesikia wakiimba. Wazulu unawaona kwa mbali, mlimani, kundi. Ukiondoa mfalme Cetshwayo, karibu hakuna Mzulu mwenye jina. Na huyo Cetshwayo aliigizwa na kitukuu wake halisi, Mangosuthu Buthelezi, ambaye baadaye alikuwa mwanasiasa mkubwa kwao.

Mwisho wa filamu ile Wazulu wanasimama juu ya kilima na kuwapigia Waingereza saluti ya ushujaa. Ni sehemu nzuri, inasisimua. Haikutokea. Kilichotokea ni kwamba mapigano yalipoisha, Wazulu wengi waliobaki wamelala na majeraha waliuawa palepale. Unaona mtengeneza filamu alivyofanya? Waliouawa wakiwa hoi amewageuza kuwa mashabiki.

Kuna nyingine inayotuhusu zaidi, "The African Queen" ya mwaka 1951, kutoka riwaya ya C.S. Forester ya 1935. Inaanzia hapa hapa, Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1914. Wajerumani wanafika kijiji chenye misheni, wanachoma nyumba, wanawaswaga wanakijiji. Baada ya hapo kamera inapanda mtumbwi wa moshi pamoja na Wazungu wawili, mwanamke na mwanamume, na tunasafiri nao hadi mwisho tukicheka na kuogopa. Wale wanakijiji walikwenda wapi? Filamu haiulizi tena. Meli ya Kijerumani iliyompa mwandishi wazo la hadithi, Graf von Götzen, ndiyo hiyo MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Meli tunaijua ilikoishia.

Nirudi sasa kwenye boksi la sabuni. Saadani ni jirani zetu, ukifuata barabara inayotoka Mandera ukapita hapa Miono unashuka hadi baharini. Carl Peters alianzia Saadani mwaka 1884 alipoingia bara kutafutia saini mikataba yake, na Wajerumani wa zama za Hitler wakaja kumtengenezea filamu mwaka 1941, stelingi kamili. Mwaka 1888 Kampuni ya Wajerumani ilipokabidhiwa mwambao, watu wa Pangani, Bagamoyo na Saadani walisimama. Abushiri bin Salim ndiye anayetajwa zaidi, lakini huku kwetu Uzigua mtu mkubwa alikuwa Bwana Heri bin Juma. Hermann von Wissmann alikuja mwaka 1889 na jeshi lake la Wasudani walioajiriwa Misri na vijana kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Juni mwaka huo Saadani ilipigwa kwa mizinga ya meli. Bwana Heri akarudi nyuma, akajenga ngome Mlembule. Shambulio la kwanza alilistahimili. La pili, mwanzoni mwa Januari 1890, ngome ikaanguka. Hata hapo hakujisalimisha. Alishika silaha hadi Aprili, na kilichomshusha si bombomu peke yake. Watu wake walikuwa na njaa. Mwambao ulikuwa umechomwa, mashamba hayakulimwa, na hakuna aliyebaki na cha kula.

Nikamuuliza mdogo wangu: kwenye mchezo wako njaa iko wapi? Akafikiri kidogo, akasema, "Kaka, hapo mchezo utaboa."

Hilo jibu lake limenikaa kichwani kuliko mambo mengi niliyosoma. Ni kweli kabisa, utaboa. Huwezi kurusha dadu zamu ishirini watu wakikonda. Huwezi kumfanya mama anayechimba mizizi porini awe kizibo cha kusogeza. Vita vinavyochezeka ni vile vya masaa mawili, vya ngome na risasi. Vita vyenyewe vilikuwa miaka miwili, na wengi waliokufa hawakufa kwenye ngome.

Ya mwaka 1914 hadi 1918 ni hivyohivyo, tena zaidi. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alirudi kwao, na mwaka 1920 akatoa kitabu cha kuwafurahisha vijana, "Heia Safari!". Humo na katika vingine vingi vilivyofuata yeye ndiye stelingi: aliwashinda Waingereza Tanga Novemba 1914, akawazungusha miaka minne, akaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, baada ya wenzake Ulaya kumaliza. Wachezaji wa mezani wanampenda sana, na kwa upande wa ujanja wa vita wana haki. Lakini nani alibeba risasi zake? Nani alibeba za Waingereza? Ukishuka Kariakoo kununua viatu unatembea juu ya jibu, maana jina lile linatokana na kambi ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na uchovu. Majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe kila yalipopita, na Ugogo ikaingia njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya. Ndani ya "Heia Safari!" hao wako, ila wako kama mvua ilivyo ndani ya hadithi, kitu kinachoendelea nyuma.

Basi tuulize swali vizuri. Je, kucheza vita ni dhambi? Wazee wetu pale chini ya mwembe wanacheza bao kutwa nzima. Wanateka kete, wanavunja nyumba, wanatambiana vibaya sana, na sijasikia padre yeyote akiwakataza. Drafti tunalana na kuwekana kingi. Mchezo wenye umbo la vita si tatizo, na mtu anayesema kila mchezo wa kushindana ni wa shetani mi namwona anamwonea shetani bure. Lakini kete ya bao ni mbegu ya mkomwe. Haikuwahi kuwa mtu. Kizibo ulichokiita "Mzigua wa Mlembule" kimesimama badala ya mtu aliyebatizwa na mama yake kwa jina la nyumbani, aliyekuwa na mke, na ambaye huenda damu yake imo ndani yako unayerusha dadu. Hapo ndipo pa kujichunguza. Mama Kanisa anatufundisha tunapojiandaa kuungama tusitazame tendo tu, tutazame na kile moyo ulichokifurahia ndani ya tendo. Unafurahia akili ya mpango, jinsi ya kuvuka mto, jinsi ya kuizunguka ngome? Hiyo ni akili aliyokupa Mungu, itumie. Unafurahia wanavyoanguka? Ngoja kwanza, tuongee.

Na sisi Wakristo tuna shida ya pekee na sheria ya kibanda umiza. Stelingi wetu alikufa. Alikufa mchana, mbele ya watu, na askari wakaketi chini wakapigia kura nguo zake, mchezo wa bahati nasibu chini ya msalaba. Kila nikiisikia Injili ile siku ya Ijumaa Kuu naona wale askari si wakatili kuliko wengine. Walikuwa kazini, wamezoea, wanapoteza muda. Kwao yule wa katikati alikuwa mmoja wa waliohesabiwa siku hiyo.

Hebu fungua Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kuanzia aya ya 38. (Ndugu zetu wengine hawana kitabu hiki kwenye Biblia zao, wewe unacho, kisome.) Yuda Makabayo alikuwa jemadari hasa, mtu wa mikakati, angependwa sana na wachezaji wa mezani. Baada ya mapigano anarudi na watu wake kuchukua maiti za wenzao wakazike. Wanakuta chini ya nguo za waliokufa hirizi za miungu ya Yamnia, kitu ambacho Sheria iliwakataza. Angeweza kusema, wamejitakia. Angeweza kuwahesabu na kuondoka. Badala yake anasali, anachangisha drakma 2,000 za fedha, anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao, kwa sababu alitumaini watafufuka. Ndiyo sehemu Kanisa linayotuelekeza tunapoulizwa kwa nini tunawaombea marehemu. Mi kila nikifika kwenye zile hirizi nawaona watu wa huku, na wale wa Majimaji mwaka 1905 waliokwenda mbele ya bombomu wakiamini dawa itageuza risasi kuwa maji. Jemadari wa Biblia aliona hirizi na bado akasali.

Wapo vijana watakaosema dawa ni kugeuza mchezo: tutengeneze filamu ambayo Bwana Heri ndiye stelingi, gemu ambayo Abushiri anashinda. Naelewa hamu hiyo, na nikiri filamu hiyo ningelipa kiingilio mara mbili. Ila isiishie hapo. Abushiri alikuwa na shamba la miwa Pangani lililolimwa na watumwa. Januari 1889 wamisionari Wabenediktini wa Pugu walishambuliwa, baadhi wakauawa na wengine wakatekwa, na mapadre wa Bagamoyo chini ya Padre Étienne Baur ndio waliohangaika kujadiliana naye hadi mateka wakakombolewa. Desemba 15, 1889, Wajerumani wakamnyonga. Alikuwa shujaa na alikuwa na watumwa, yote mawili. Ukimgeuza stelingi, watumwa wale wanageuka kuwa wale wasiohesabiwa. Misheni ya Bagamoyo nayo, katika vita hivyo, ilijaa maelfu ya wakimbizi. Hao ndio wangekuwa filamu yangu, kama ningekuwa na kamera: watu wanaolala chini ya miembe ya misheni, hawajui nani anashinda, wanauliza tu kama leo kuna uji.

Vitabu vya kutusaidia vipo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa mwambao wa enzi hizohizo, alitunga utenzi mzima kuhusu vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na ukiusoma unaviona vita vilevile kutoka nje ya boma. Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake "Afterlives" ya mwaka 2020, anamfuata Hamza, kijana anayejiunga kwa hiari na jeshi la Wajerumani. Hakuna stelingi humo. Kuna mtu anayerudi nyumbani amejeruhiwa na anatafuta kazi. Ebrahim Hussein katika "Kinjeketile" ya 1969 anamwacha kiongozi mwenyewe ahangaike na neno alilowapa watu. Vijana wengi tumeisoma kwa ajili ya mtihani tu. Isomeni tena bila mtihani.

Mdogo wangu nilimwambia asichome boksi lake. Nilimwomba aongeze vizibo vya wapagazi na shamba la mtama, na chini ya kila kizibo aandike jina kwa kalamu ya wino, majina ya kwetu, ya Kizigua na ya Kisudani na ya Kijerumani. Amefanya. Anasema mchezo umekuwa mzito, zamu moja inachukua nusu saa, na rafiki yake amegoma kumtoa kizibo mmoja kwa sababu kina jina la babu yake. Wamebishana kweli. Hawakumaliza.

Songea, kwenye makumbusho ya Majimaji, wapo waliopata bahati ya majina. Walionyongwa pale tarehe 27 Februari 1906 walikuwa 67, na padre Mbenediktini alibatiza baadhi yao kabla ya kamba. Novemba 1, 2023, sikukuu ya Watakatifu Wote, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama palepale akaomba msamaha. Mlembule hakuna makumbusho.

Kwa hiyo jumuiya yetu tumekubaliana kwamba kwenye bahasha za marehemu za Novemba tutaandika nia ya waliokufa katika vita vya Bwana Heri. Katibu aliuliza kama tuweke na Wasudani wa Wissmann na wale vijana wa Msumbiji, na Wajerumani pia. Mwingine akasema wengi pande zote mbili walikuwa Waislamu. Padre amesema wekeni wote. Misa ni Novemba 2, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwenye jina la babu au bibi aliyekuwa mpagazi, askari au mkimbizi wa vita vile alete kwa katibu kabla ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hata kama ni jina moja tu la nyumbani.